Shahidi Mmoja wa Sparta

Ujumbe wa Musoke ulinifikia nikiwa jikoni kwangu Kamwokya, hapa Kampala, nakata vitunguu vya pilau ya Ijumaa, kwa hiyo machozi nilikuwa nayo tayari, na sitaki mtu aseme nilimlilia Profesa Ssemanda siku ile. Nilimlilia kesho yake, kwa wakati wangu. Siku ile nilikasirika. Musoke aliandika kwamba mzee wetu amefariki, kwamba Jumapili kutakuwa na kumbukumbu nyumbani kwake Ntinda, na kwamba mimi, mwanamke pekee niliyebaki katika lile darasa letu la Wagiriki wa kale, nimepangiwa kusoma aya moja ya wasifu wa marehemu. Aya yenyewe alikuwa ameiambatisha. Ilisema kwamba Profesa ndiye mtu wa kwanza katika nchi hii kuonyesha kuwa vitabu vitatu vikubwa vya wataalamu wa kisasa, ambavyo watu walivitegemea kama mashahidi watatu wa maisha ya Sparta, vyote vinasimama juu ya mtu mmoja tu aliyeishi karne nyingi baada ya mambo anayoyasimulia. Chini yake kulikuwa na jina la makala aliyoichapisha ng'ambo, makala ambayo sikuwahi kuisikia, maana mimi nilikwenda zangu kufundisha sekondari na majarida ya ng'ambo hayafiki huko. Niliweka kisu chini. Kazi ile ilikuwa yangu. Niliifanya mwaka wangu wa mwisho chuoni, nikaisoma kwa sauti mbele yake, na ndiyo iliyonikosesha nafasi ya kufundisha palepale chuoni, nafasi ambayo Musoke aliipata, akazeeka nayo na kustaafu nayo.

Nilimpigia hapohapo, mikono ikinuka vitunguu. Sisi wawili huongea Kiganda, nami nakiandika hapa kwa lugha ya nyumbani kwetu. Nikamwambia, "Musoke, nimeisoma aya yako. Wewe ulikuwepo mezani." Akasema kwa ile sauti ya vikao, akiniita nyabo, yaani mama, "Hadija nyabo, mtu amekufa. Hayo ya vitabu ni mambo ya zamani." Nikamjibu kwamba Wagiriki ni wa zamani zaidi na bado wanaandikwa kila mwaka. "Utasoma, au nimpe mwingine?" akauliza. Nikamwambia nitakuja. Sikumwambia nitasoma nini, na wala yeye hakuniuliza.

Ukoo wangu nauacha nje ya sura hii. Anayetaka kujua babu zangu walifika Kampala na bidhaa gani akaulize msikitini. Ninachotaka kukikumbuka ni chumba. Profesa Ssemanda hakutufundishia darasani kwa sababu tulikuwa watatu tu, mimi, Musoke na Akello. Nchi ndiyo kwanza ilikuwa inajikung'uta vumbi la vita. Nani mwingine mwenye akili timamu angechagua kusoma habari za Wagiriki wa kale? Wenzetu walisoma sheria na uhasibu, wakatucheka waziwazi. Tulikaa chumbani kwake, ghorofa ya juu, kuizunguka meza ya mvule yenye doa jeupe pale alipozoea kuweka birika. Kuta mbili zilikuwa vitabu mpaka darini, na hilo halikuwa jambo dogo. Maktabani, kitabu ulichokihitaji ama kilikuwa kimeazimwa na mtu aliyekwisha kukimbilia nje ya nchi, ama kimekatwa kurasa kwa wembe na mwanafunzi aliyetaka kukisomea kitandani. Vitabu vya Profesa vilikuwa vizima, na alituruhusu kuvigusa. Alichemsha chai mwenyewe, akamwaga karanga za kukaanga juu ya gazeti katikati ya meza, akatuhimiza tule kwa sababu alijua chakula cha bwenini ni posho, yaani ugali, na maharage asubuhi na jioni. Nayasema haya kwa kuwa ni kweli. Mtu yule alinifungulia mlango wa vitabu, na nikimsema hapa mbele, simsemi kwa chuki.

Kanuni yake ilikuwa moja. "Msinisimulie kitabu," alikuwa akituambia kwa Kiingereza chake kilichonyooka kama suruali zake. "Nimekwisha kukisoma. Kihukumuni." Kila mmoja wetu alipewa historia moja kubwa ya Wagiriki iliyoandikwa na mtaalamu wa kisasa, akae nayo mwaka mzima, na mwisho wa mwaka asimame mbele ya wageni wa idara atoe hukumu yake. Hukumu iliyo bora ndiyo ingepata pendekezo la Profesa, na mwenye pendekezo angeajiriwa msaidizi wa kufundisha. Sote watatu tuliitaka nafasi ile. Mimi niliitaka mpaka nilikuwa naiota. Nilijiona nimekaa upande wa pili wa meza ya mvule, namimina chai, nawaambia wasichana wa miaka ijayo wahukumu.

Akello, binti wa sajini wa polisi aliyelelewa kambini, alipewa historia ya Athene. Mwandishi wake aliipenda Athene kama mtu aliyewahi kupewa shamba huko. Kila ukurasa wananchi wote wanakutana, wananchi wote wanajadiliana, wananchi wote wanaamua. Siku moja tukiteremka kilima, Akello akasimama katikati ya njia, kitabu kifuani, akanieleza kwa Kiswahili chake cha kambini, maana Kiganda kilimchosha na Kiingereza alikiweka cha darasani. "Hadija, sikia. Huyu mzee anasema watu yote ilikuwa napiga kura. Haya. Napindua ukurasa, anasema wanawake hapana, watumwa hapana, wageni hapana. Sasa hiyo yote imebaki nani? Mimi ningekuwa huko ningekuwa naosha sahani tu!" Tulicheka mpaka wapita njia wakatugeukia. Musoke naye alipewa kitabu cha uchumi, chenye zeituni, mitungi, machimbo ya fedha na mbao za merikebu. Kilikuwa kitabu cha mtu mwenye bidii sana, na hapana mtu hata mmoja ndani yake aliyewahi kupiga chafya. Musoke alikisifu. Musoke alisifu kila kitu mwaka ule, na kama mtakavyoona, hakupata hasara.

Mimi nikapewa cha tatu. Kilikuwa kikubwa kuliko vyote, na aliyekiandika ndiye aliyemfundisha Profesa huko ng'ambo. Picha yao wawili ilining'inia juu ya birika, Profesa kijana mwembamba, yule mzungu akiwa na joho, wote wanacheka. Profesa alinikabidhi kwa mikono miwili. "Hiki," akasema, "ndicho kilichonifanya mimi niwe mimi." Nilipaswa kuelewa palepale kwamba nimepewa kitu cha kusifu. Sikuelewa. Nilikuwa nimeambiwa nihukumu, nami nilitoka katika nyumba ambayo neno hilo lina maana.

Mwaka ule nilihama bweni, nikakaa kwa shangazi yangu, Bi Shamsa, hukuhuku Kamwokya, chumba cha nyuma ya duka lake la vitambaa. Chumba kilijaa majora ya vitambaa mpaka nililala kama nimewekwa stoo, na harufu ya nguo mpya mpaka leo hunifanya nitake kusoma. Ukuta wa kati ulikuwa mwembamba. Baada ya sala ya alasiri wanawake wa mtaani walikuja kwa Bi Shamsa kusoma, wakikaa mkekani, na mimi upande wa pili nikisoma Sparta huku nawasikia. Bi Shamsa alikuwa amesomea elimu ya hadithi za Mtume kwa baba yake, naye kwa mwalimu wake, na angeweza kukutajia walimu hao mmoja baada ya mwingine bila kupumua. Kwao habari haianzi na habari. Inaanza na mnyororo wa waliopokeana, isnadi kwa jina lake. Nimeipokea kwa fulani, naye kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka kwa aliyeona kwa macho. Pakikatika mahali, habari inaitwa dhaifu. Haitupwi, ila hapana wa kuiegemea kama ukuta. Na adabu ya kwanza ni kumtaja aliyekufundisha. Ukimruka mwalimu wako ukajifanya umeyajua mwenyewe, umemwibia, na mwanafunzi mwizi Bi Shamsa hakumpa hata chai.

Kilichonifunza zaidi, lakini, ni umbea. Siku moja mwanamke mmoja alifika mbiombio akasema mume wa jirani ameoa mke wa pili huko Nakawa. Nilisikia majani ya chai yakikorogwa, halafu sauti ya Bi Shamsa, taratibu. "Nani kakwambia?" Mama Sauda. "Mama Sauda kaona?" Hapana, kaambiwa na Hajati wa duka la mkaa. "Hajati kaona?" Naye kasikia kwa dereva wa lori. "Dereva kaona?" Hapo yule mwanamke akatafuta pa kushika, akasema, "Lakini Bi Shamsa, watu watatu wanasema!" Na Bi Shamsa, "Si watatu, mwanangu. Ni dereva, kasema mara tatu. Sasa huyo dereva tumtafute tumuulize alikuwa wapi." Walimtafuta kweli. Siku ya hiyo harusi alikuwa Jinja, gari limemharibikia. Wanawake walicheka sana, nami nyuma ya ukuta nikaacha kusoma. Kitabu kilikuwa kimefunguka katika ukurasa unaosema kwamba huko Sparta kila mtoto mchanga alipelekwa kwa wazee wakamkague, na aliyeonekana dhaifu akatupwa bondeni. Mwandishi alilisema hilo kama mtu aliyekuwa amesimama pale na taa. Nikajikuta nimemuuliza kwa sauti, peke yangu, katikati ya majora ya vitambaa, "Nani kakwambia?"

Basi nilianza kumfuata. Tanbihi yake ilinipeleka kwenye kitabu cha Musoke, kile cha zeituni, ambacho kilikuwa na sura fupi ya Sparta. Tanbihi ya kitabu cha Musoke ikanipeleka kwenye kitabu cha Akello. Cha Akello kilikuwa cha zamani zaidi kati ya vyote vitatu, nacho kikanipeleka kwa mtu wa kale. Nilidhani sasa nimefika kwa shahidi. Kitabu cha mtu huyo kilikuwa rafu ya chini kabisa ya Profesa, tafsiri ya Kiingereza yenye jalada la kijani, na kurasa zake zilikuwa bado zimeshikana kwa juu kama zilivyotoka kiwandani. Hapana aliyewahi kukifungua. Profesa alinipa kisu cha barua nikazipasua mwenyewe, yeye akisahihisha karatasi huku anapiga mluzi. Kumbe yule mtu wa kale aliishi zama za Warumi, Sparta yenyewe ikiwa imekwisha kuwa mahali pa watalii kwenda kushangaa, na kati yake na watoto wale palikuwa na mamia ya miaka. Naye, kwa heshima yake, alikiri kwamba mambo ya Sparta ya zamani yanabishaniwa sana. Yeye aliyakiri. Wataalamu watatu wa kisasa, wenye shahada na majoho, walichukua habari wakaacha ungamo. Na kwa kuwa mmoja alimtaja mwenzake, na mwenzake akamtaja wa tatu, msomaji aliona mashahidi watatu wanakubaliana. Nilikaa sakafuni na kurasa zilizopasuliwa mapajani, nikacheka peke yangu kwa furaha. Sijawahi kuipata tena furaha ya namna ile, na nimeolewa na kuzaa.

Akello nilimwambia tukila chapati na maharage kando ya lango la chuo. Alitafuna kwanza. Kisha akasema, "Iko sawa. Iko sawa kabisa. Baba yangu akikamata mtu, mashahidi tatu wakisema maneno moja, anauliza nani amewafundisha." Halafu akanishika mkono. "Lakini we Hadija, hiyo kitabu ni ya mwalimu ya mzee. Yeye atakasirika. Acha hiyo sura, sema juu ya vita." Nilimwambia Profesa ndiye aliyesema tuhukumu. "Alisema," Akello akajibu. "Watu wanasema vitu mingi."

Siku ya hukumu walikuja mkuu wa idara na mgeni kutoka Nairobi, na meza ya mvule ilitandikwa kitambaa. Musoke alitangulia, akasifu. Akello akafuata, akasema vizuri sana juu ya neno "wote", wageni wakatikisa vichwa kukubali. Nikasimama mimi. Nilifanya vile ambavyo mtu wa kwetu yeyote angefanya, na ndipo mambo yalipoharibika. Nilianza na mnyororo. Nilisema, "Habari ya watoto wa Sparta nimeipokea kwa mwalimu wangu, Profesa Ssemanda, katika chumba hiki, naye ameipokea kwa mwalimu wake, mwenye kitabu hiki, naye ameipokea kwa fulani, na fulani kwa fulani, na huyo kwa mtu mmoja wa zama za Warumi, na baada yake hatuna mtu." Nilimtaja Profesa kwanza kwa sababu ndiyo heshima kubwa ninayoijua. Kwetu mtu hulia akitajwa namna ile. Kisha nikaendelea, kwa sauti ambayo sasa nikiikumbuka naipenda, nikasema mnyororo huu umekatika, habari hii ni dhaifu, na wote walioisimulia kama jambo la hakika wamewadanganya wasomaji wao, hata kama hawakukusudia. Mgeni wa Nairobi aliacha kutafuna karanga. Nikamtazama Profesa nikitarajia furaha, nikaona amekuwa mweusi ti. Yeye hakusikia heshima. Alisikia kwamba mbele ya mkuu wake nimemweka katika safu ya waongo, tena mbele kabisa.

Mgeni aliuliza swali zuri. Alisema yule mtu wa kale huenda alikuwa na vitabu vya watu waliomtangulia, vitabu ambavyo vimepotea. Nikamjibu kwamba huenda, na kama ni huenda, basi mwandishi aseme huenda. Neno lenyewe ni fupi, halimwongezei ukurasa. Mkuu wa idara alicheka. Profesa hakucheka.

Walipoondoka, akaniambia nibaki. Musoke na Akello walikuwa wanakunja kitambaa cha meza na kukusanya vikombe, kwa hiyo walisikia kila neno, na nataka hilo liandikwe. "Kwa nini jina langu?" akauliza. Nikasema kwa sababu ni kwake nilipoipata. "Ungeweza kusema, imesemwa." Nikamwambia, "Kwetu hatusemi imesemwa." Akaenda dirishani akarudi. "Hii ni historia, Hadija. Si madrasa. Toa ule mnyororo wako wote, bakiza maneno ya mwishoni ya tahadhari kidogo, na pendekezo ni lako. Ulikuwa bora kuliko wenzako, nakwambia wakisikia." Wenzangu walikuwa wanasikia kweli. Musoke aliganda na vikombe mkononi. Nikajibu kwamba nikiutoa mnyororo hakuna kilichobaki, maana mnyororo ndio kazi yenyewe. "Basi hakuna kilichobaki," akasema Profesa, akaniwekea karatasi yangu mezani, juu ya maganda ya karanga.

Bi Shamsa, nilipomweleza, hakunisifu kama nilivyotegemea. Alisema mwalimu ana haki yake, na Jumamosi akapika wali wa nazi, nazi zenyewe zimeletwa na basi la Mombasa, na kuku wa kupaka, akafunika sinia kwa kitambaa cheupe, akanituma nimpelekee Profesa nyumbani kwake Ntinda. Nilikwenda, na sinia ilinielemea. Mke wake alinikaribisha vizuri. Profesa alikula mbele yangu, akala sana, akafuta vidole, akasema, "Kwa hiyo umekuja kuutoa?" Nikamwambia, "Nimekuja kukuletea chakula, Profesa, kwa sababu wewe ni mwalimu wangu. Hukumu iko palepale." Nadhani alikaribia kutabasamu. Kisha akasema chakula kilikuwa kizuri, nimshukuru shangazi yangu, na wiki iliyofuata Musoke akapendekezwa.

Watu huniuliza kama nilijuta. Nilikosa mshahara wa chuo, nilikosa safari, nilikosa ile meza. Nimefundisha historia sekondari Nakawa maisha yangu yote, darasa lenye watoto wengi kuliko madawati, na kila mwaka mtoto mmoja au wawili wameondoka wakijua kuuliza nani kakwambia. Sikujuta, na anayenionea huruma simtaki. Wagiriki nimeendelea kuwasoma. Wanangu wakiwa safarini huniletea historia mpya zao badala ya manukato, nami nimeendelea kuzihukumu, kwa sababu hapana aliyenivua kazi hiyo. Waandishi wa siku hizi ni waaminifu zaidi. Husema waziwazi "hatujui", na kila nikikutana na maneno hayo namwombea mwandishi dua. Ubaya wao mpya ni kwamba baadhi yao wamegeuza kutojua kuwa mapambo. Wanatilia shaka kila kitu mpaka unamaliza kitabu hujui kama Mgiriki alikula. Hilo nalo ni uvivu. Mtu wa isnadi hashuku ili aonekane mwerevu. Anauliza ili apate pa kusimama, na akipapata, anasimama.

Jumapili nilikwenda Ntinda. Mahema yalijaa, watu wa chuo mbele, majirani nyuma, na ile nyumba ilikuwa imepakwa rangi mpya lakini ngazi ni zilezile nilizopanda na sinia. Akello hakuwepo, amezikwa kwao Kitgum, na siku ile nilimhitaji kuliko siku zote. Mtoto mkubwa wa marehemu aliyekuwa akiongoza shughuli aliniita, Musoke akanipa ile karatasi, nikapewa kipaza sauti. Nilisema kwanza habari za chai, na za karanga juu ya gazeti, na za rafu alizotuachia tuzishike. Nilisema hakuna mwalimu aliyenipa zaidi. Watu wakatikisa vichwa, mjane akajifuta macho. Kisha nikawaeleza aya niliyopewa inasema nini, na kwamba sitaisoma kama ilivyo kwa sababu ina kosa. Nikasema, "Jambo hili la shahidi mmoja, Profesa amelipata kwangu. Nililisoma mezani kwake nikiwa mwanafunzi, akanitaka nilifute, sikulifuta. Baadaye alilichapisha bila kusema kalipata kwa nani."

Minong'ono ilianza nyuma ikaja mbele. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Mama, huyu ni maiti!" Mtoto wa marehemu, kwa upole, nami namshukuru kwa upole wake, akaniuliza kama yupo anayeweza kuthibitisha. Nikamgeukia Musoke. Alikuwa mstari wa mbele, fimbo katikati ya magoti, anatazama nyasi. Nilingoja. Hakuinua macho.

Basi nikasema, "Hayupo. Kwa kanuni niliyoifuata tangu siku ile, habari ninayowapa ni dhaifu. Msemaji ni mmoja, tena ana masilahi. Sitawadanganya. Iandikeni kwamba ni dhaifu. Lakini iandikeni, na muandike mmeipokea kwa Hadija, mwalimu wa sekondari, wa Kamwokya." Nikairudisha karatasi. Kwaya ilianza kuimba kabla sijafika kitini. Mwanamke aliyekaa karibu nami alisogeza kiti chake. Chakula kilipoletwa nilipewa matoke na mchuzi wa karanga kama wengine, nikala yote, taratibu, nimenyoosha mgongo.

Musoke alinifuata mpaka langoni, anahema. Akasema, "Hadija, haki ya kusema ulikuwa nayo. Lakini si leo. Ungechagua siku nyingine." Nikamtazama. Amezeeka vizuri, Musoke. Bado ana ule uso wa mtu anayesifu. Nikamwuliza, katika miaka yote hii, ni siku gani nyingine waliyowahi kuniita niseme.